Tupeni karatasi kabla ya baraza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu wa Lamu, na wa Malindi pia, juu ya mabaraza ya kukusanya maoni kuhusu wanyamapori na makazi yao. Mkutano hutangazwa, watu huitwa, husema yaliyo moyoni, huandika majina kwenye orodha na kurudi makwao. Miezi ikipita, kanuni hutoka, na mkulima wa Mkunumbi au mvuvi wa Kiunga hukuta ndani yake jambo ambalo siku ile halikutajwa kabisa. Akilalamika, huonyeshwa orodha ile ya majina.

Dai langu ni moja. Maandishi yenyewe ya kanuni yafike mikononi mwa watu, kwa Kiswahili, kabla ya baraza. Na yakibadilishwa baada ya baraza, ukurasa uliobadilishwa urudi kwa watu kabla haujatiwa saini.

Yaliyotokea Alaska, Marekani, yanaonyesha uzito wa dai hili. Huko kuna kundi la kulungu wa kaskazini linaloitwa Mulchatna. Katika miaka ya 1990 lilifika kama 200,000, kisha likaporomoka hadi kama 13,000. Bodi ya jimbo inayotunga kanuni za uwindaji ilitangaza pendekezo la kupunguza mbwa-mwitu ili ndama wa kulungu wapone, na wananchi wakaandika maoni yao juu ya mbwa-mwitu. Bodi ilipokaa Januari 2022, pendekezo likapanuliwa na dubu wakatiwa ndani. Aliyekuwa na neno kuhusu dubu hakujua kwamba ilimpasa aseme. Mwaka 2023, kwa muda usiotimia mwezi mmoja, maafisa wa jimbo waliua dubu 99 kwa risasi za kutoka angani. Machi 2025 mahakama ikaamua kwamba mpango ule ulipitishwa kinyume cha sheria: umma haukuarifiwa inavyotakiwa, na hali ya dubu wenyewe haikuwa imechunguzwa ipasavyo. Julai 2025 bodi ilikaa upya na kuupitisha tena mpango, safari hii dubu wakiwa wametajwa waziwazi. Wale 99 walikuwa wamekwisha kufa karibu miaka miwili kabla ya hukumu.

Kwa mnyama kama dubu, kosa la namna hiyo halirekebishiki upesi. Dubu jike wa kule huanza kuzaa akiwa na miaka mitano au zaidi, kisha hukaa na watoto wake miaka miwili au mitatu kabla ya kupata wengine. Ndovu wetu ni wa polepole zaidi: mimba yake ni miezi 22, na kati ya mtoto na mtoto hupita miaka minne au mitano. Kanuni mbovu ikidumu mwaka mmoja tu, kundi la ndovu litaibeba kizazi kizima.

Florida nako kulikuwa na kasoro ya aina nyingine, iliyojificha ndani ya maandishi. Oktoba 2015 jimbo hilo lilifungua uwindaji wa dubu weusi baada ya miaka 21. Kikomo kiliwekwa dubu 320, muda siku saba. Lakini vibali viliuzwa zaidi ya 3,000. Sehemu mbili kati ya nne zilizofunguliwa zilifungwa baada ya siku ya kwanza, na baada ya siku mbili uwindaji wote ukasimamishwa, dubu 304 wakiwa wameuawa. Kikomo kiliandikwa, breki haikuandikwa. Mwaka 2025 tume ya jimbo hilo ilipoidhinisha uwindaji tena, iliweka vibali 172 vya bahati nasibu, kila kibali dubu mmoja. Mtu akiyaweka maandishi hayo mawili ubavu kwa ubavu ataiona tofauti hata kama hajawahi kumtia dubu machoni. Usomaji wa namna hiyo ndio tunaouhitaji hapa kwetu.

Sisi hatuna uwindaji wa leseni. Ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inahesabu hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo kuwa kosa. Siombi marufuku hiyo iguswe. Lakini mipaka ya hifadhi, njia za ndovu, malisho, maeneo ya kuvua na kurina asali, yote hayo huamuliwa kwa njia ileile ya tangazo, maoni na saini. Na papo hapo ndipo tunapopotezwa.

Sheria hiyo ya 2013 ina Jedwali la Nne, ambalo kila mzee wa mtaa angefaa awe na nakala yake. Pale sheria inapotaka umma ushauriwe, jedwali hilo linadai tangazo litoke katika Gazeti Rasmi la Serikali, katika magazeti, na katika redio inayosikika mahali penyewe. Tangazo litaje kwa ufupi kinachopendekezwa, mahali pa kuyaona maandishi kamili, na mtu wa kupelekewa maoni. Siku ya mwisho ya kupokea maoni isiwe kabla ya siku 60 tangu kutangazwa. Na uamuzi ukishafanywa, uandikwe pamoja na sababu zake na uwekwe mahali watu wanapoweza kuusoma.

Kwa hiyo mtu akisikia tangazo, kazi ya kwanza ni kuhesabu siku. Zikipungua 60, aandike barua siku hiyohiyo, alitaje jedwali, aombe muda utimizwe. Kungoja baraza ndipo ulalamike kwa mdomo hakusaidii, kwa sababu malalamiko ya mdomo hayana tarehe. Barua hiyohiyo iombe maandishi ya Kiswahili. Katiba, kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Muhtasari wa kurasa mbili hautoshi. Muhtasari huandikwa na anayetaka jambo lipite, naye huacha nje majedwali ya mwisho, ambamo mna mipaka, ada na faini.

Siku na mahali pa baraza navyo huchagua nani atasikika. Baraza la saa nne asubuhi siku ya Ijumaa, likichelewa saa mbili, linagongana na sala na watu wanaondoka kabla hawajasema. Wakati wa kusi, safari ya chombo kutoka Kizingitini au Kiunga si ya kumwambia mzee aifanye kwa ajili ya dakika tatu za kuzungumza. Masika yakianza, mkulima wa Hindi au Witu analala dungu akilinda mbegu; mchana ndio usingizi wake. Waawer, jamii ya msitu wa Boni, wa Basuba, Mangai, Milimani na Kiangwe wako mbali zaidi kuliko wote. Tangu operesheni ya usalama ya Linda Boni ianze mwaka 2015, kuingia na kutoka msituni kumekuwa kwa shida, na hao ndio wanaoujua msitu mti kwa mti. Baraza juu ya msitu wa Boni likifanyiwa Amu mjini, wenyewe hawamo. Iandikwe katika ombi: kikao cha pili kijijini, mkalimani wa Kiawer, na tarehe isiyopingana na kazi za watu.

Maandishi yakipatikana, yasomwe na kalamu mkononi. Anza na tafsiri za maneno, kurasa za mwanzo ambazo wengi huziruka. Chukua maneno mawili tu, mbuga na hifadhi. Katika mbuga ya bahari, kama ile ya Malindi iliyotangazwa mwaka 1968, hakuna ruhusa ya kuvua. Katika hifadhi ya bahari, kama ya Kiunga ya mwaka 1979, uvuvi wa vyombo na zana za asili unaruhusiwa. Rasimu ikilibadilisha neno hilo moja kwa kipande cha maji kuanzia mwamba fulani hadi kisiwa fulani, ema, mishipi na nyavu za hapo zimekuwa kosa, wala hakuna sentensi yoyote ndani ya rasimu inayosema "uvuvi umekatazwa". Nchi kavu ni vivyo hivyo. Dodori na Boni zilitangazwa mwaka 1976 kuwa hifadhi za taifa, na hifadhi ya taifa kisheria iko chini ya kaunti. Mbuga iko chini ya shirika la taifa. Neno likibadilika, hata ofisi ya kupeleka malalamiko inabadilika.

Kisha tafuta "anaweza" na "lazima". "Mkurugenzi anaweza kulipa" maana yake asipolipa hajavunja sheria. Pigia mstari kila "anaweza" iliyo upande wa serikali na kila "lazima" iliyo upande wa mwananchi, uzihesabu. Hesabu hiyo peke yake ni hoja ya kupeleka barazani.

Njia ya ndovu isikubaliwe kwa maneno matupu. "Njia kati ya msitu na ziwa" haina upana, haina mwanzo wala mwisho. Iombwe ramani yenye alama za GPS, upana kwa mita, na idadi ya mashamba yanayoguswa. Vijana wenye simu waitembee ramani hiyo kwa miguu, alama kwa alama, wakiandika kilichopo: kisima, mazizi, mizinga ya asali, makaburi, njia ya kuendea shule. Ramani za ofisini huchorwa kutoka picha za satelaiti, na kwenye picha shamba lililopumzishwa miaka mitatu linafanana na kichaka. Kasoro ya aina hiyo haionekani ila kwa miguu, na ikigunduliwa baada ya kutangazwa kwenye Gazeti Rasmi, kuiondoa ni kesi.

Upande wa ushahidi ndio tunaoshindwa zaidi. Barazani utasikia, "Wanyama wanatumaliza." Karani huandika, "Wananchi wamelalamikia wanyama," basi. Mnyama gani, wapi, lini, kiasi gani, hayamo. Na bila hayo, kanuni itatungwa kwa takwimu za watu wengine.

Anayetaka neno lake liwe na uzito aamke alfajiri akasome ardhi kabla mbuzi na watoto hawajapita. Kiboko wa Ziwa Kenyatta huacha alama ya vidole vinne vilivyotanuka, na njia yake ya kila usiku huwa na mifereji miwili yenye tuta katikati, kwa kuwa miguu yake ya kulia na kushoto imeachana sana. Mimea aliyokula hukatwa chini, mistari kwa mistari, kama iliyofyekwa. Ndovu huacha duara kubwa lenye mikunjo kama ufa wa tope lililokauka, la mbele la mviringo, la nyuma limerefuka kidogo. Mahindi huyang'oa na mizizi, mgomba huupasua ale moyo wake. Nyati ana kwato mbili zilizopasuka kama za ng'ombe, ila kubwa na za mviringo zaidi. Weka panga au rula kando ya alama, piga picha kutoka juu moja kwa moja, kisha nyingine inayoonyesha shamba zima. Hesabu mashina yaliyoharibiwa katika mstari mmoja, zidisha kwa mistari, andika tarehe na saa. Piga ripoti kwa afisa wa wanyamapori na upate nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio. Mwite afisa wa kilimo kabla hujasafisha shamba: shamba likishalimwa upya, hana cha kukadiria, na madai mengi hufia hapo.

Madai mengine hufa kwa sababu ya mnyama mwenyewe. Fidia hulipwa kwa wanyama walioorodheshwa katika Jedwali la Tatu la Sheria ya Wanyamapori. Ndovu, nyati, kiboko, mamba, simba na fisi wamo. Nyani na tumbili, ambao kwa wakulima wengi ndio adui wa kila siku, hawamo. Kifo kimewekewa shilingi milioni 5, ulemavu wa kudumu milioni 3, na majeraha mengine hadi milioni 2, na madai hupitia kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia. Anayetaka nyani aingizwe apeleke rekodi za miezi kumi na miwili za mashamba ishirini, zilizoandikwa kwa namna moja. Kilio cha siku moja hakibadilishi jedwali.

Mapendekezo nayo yawe na vipimo. Ua wa umeme hupendwa sana barazani, nao huandikwa hivi: "Serikali itajenga ua." Nani atafyeka nyasi? Waya wa umeme wa kuzuia ndovu unahitaji volti elfu tano na zaidi, na nyasi mbichi zikiugusa, nguvu inavuja ardhini. Mchanga wetu ukikauka haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo chuma cha ardhini kisipozamishwa kirefu, ndovu hagutuki hata akiugusa waya. Hewa ya chumvi hula viungo vya waya. Ndovu naye hujifunza kwamba pembe zake hazipitishi umeme. Huzitumia kuukata waya, na nguzo huisukuma kwa mguu. Ua ukiishia njiani, kundi huufuata hadi mwisho wake na kuingia kwa jirani wa mwisho, ambaye pengine hakualikwa barazani. Kwa hiyo kifungu kiseme urefu, mahali unapoishia na kwa nini hapo, watu wangapi wa kufyeka kwa kila kilomita, betri hubadilishwa na nani, na fedha za matengenezo ziko kwenye bajeti ipi.

Anayependelea nyuki naye alete hesabu. Ua wa mizinga, unaotumika Sagalla karibu na Voi, huning'iniza mzinga au kibao cha kuigiza mzinga kila mita 10, vyote vikiunganishwa kwa waya, ili ndovu akiusukuma waya mizinga itikisike na nyuki watoke. Shamba la mraba la ekari moja lina mzunguko wa mita kama 255, maana yake ni mizinga kumi na mitatu na vibao kumi na vitatu. Unahitaji maji karibu na maua, la sivyo nyuki huhama na ua unabaki vibao vitupu. Hapa ujuzi wa Waawer wa asali ungefaa uandikwe ndani ya kanuni kuwa kazi yenye malipo. Na kifungu chochote kinachosema kuingia msituni bila kibali ni kosa kiwe na ruhusa ya warina asali kwa jina, na kibali kitolewe kijijini. Kikiachwa wazi, mrina asali na mtega paa watakamatwa kwa kifungu kimoja.

Siku ya baraza, aliyejiandaa asitegemee kipaza sauti. Apeleke maandishi nakala mbili, ukurasa mmoja au miwili. Kila hoja ianze na nambari ya kifungu, kisha maneno yaliyopo, maneno yanayopendekezwa badala yake, na sababu kwa sentensi mbili. Nakala moja wabaki nayo waandaaji, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, arudi nayo. Kwenye orodha ya mahudhurio, kando ya jina, inaruhusiwa kabisa kuandika "nimepinga kifungu cha 12" au "sikupewa rasimu". Kabla ya kuondoka, liulizwe kwa sauti swali la nani anaandika kumbukumbu na lini nakala itapatikana kwa chifu.

Kanuni ikishachapishwa, njia haijafungwa. Sheria ya mwaka 2013 kuhusu kanuni zinazotungwa na mawaziri inataka ziwekwe mezani Bungeni ndani ya siku saba za vikao. Zisipowekwa, zinakuwa batili. Kamati ya Bunge inaweza kupendekeza zifutwe, na ndipo ile nakala yenye muhuri inapofanya kazi, kwa kuwa inaonyesha kilichosemwa na kikapuuzwa. Mahakamani nako Lamu imeshashinda kwa hoja hii hii. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa athari za bandari ya Lamu, ikaona pia kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa Kwasasi. Mikutano ilikuwa imefanyika, tena kadhaa, lakini kabla ripoti ya athari haijakamilika. Watu walitoa maoni juu ya kitu ambacho hawakuwa wameonyeshwa.

Kwa wanaoandaa mabaraza yajayo ya wanyamapori katika kaunti zetu mbili, nawaomba rasimu nzima ya Kiswahili ibandikwe siku 60 kabla kwenye ofisi za machifu, misikiti, makanisa na bandari za wavuvi, ramani ikiwa kando yake. Baada ya baraza, ibandikwe hapohapo jedwali la safu tatu: maoni yaliyotolewa, yaliyokubaliwa au kukataliwa, na sababu. Na kikiongezwa kifungu au mnyama au kipande cha ardhi ambacho hakikuwamo kwenye tangazo la kwanza, ukurasa huo ubandikwe tena, tarehe yake ya kuongezwa ikiwa juu, na siku 60 zianze kuhesabiwa upya.

Wako,
Mkaaji wa Hindi,
Kaunti ya Lamu